Sweta za Nakshi za Visiwa vya Shetland

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, msomaji atakuta hesabu za mazao, picha za maghala na majina ya waliotutangulia. Mimi nimeombwa niandike habari za historia, nami nimechagua historia ya watu walio mbali nasi, wasiolima kahawa wala pamba, bali wafugao kondoo na kufuma sweta. Huenda mwanachama akauliza: sisi na sweta tuna nini? Namwomba astahimili kidogo. Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanawake wa visiwa vya Shetland walifuma kitu kizuri kwa vizazi vingi, nacho kilijiuza kweli. Lakini faida yake haikukaa mikononi mwao. Kwa nini ilikuwa hivyo, ndiyo habari ya makala haya.

Visiwa na Kondoo Wake

Shetland ni kundi la visiwa vipatavyo 100, kaskazini ya Uskoti, na katika hivyo ni 16 tu vikaliwavyo na watu. Mji wake mkuu ni Lerwick. Visiwa hivi vilitawaliwa na wafalme wa Norway na Denmark hata mwaka wa 1469, vilipowekwa rehani kwa mfalme wa Uskoti, wala havikukombolewa tena. Miti ni michache, upepo wa bahari hauna msimu, na katikati ya majira ya baridi mwanga wa mchana hudumu kwa muda wa saa sita tu.

Mkulima wa huko zamani alikuwa na kishamba cha shayiri na viazi, ng'ombe mmoja au wawili, na kondoo waliolishwa katika malisho ya shirika. Wanaume walikwenda kuvua samaki. Wanawake walibaki na shamba, mifugo na watoto. Juu ya kazi hizo zote, sindano za kufumia hazikuwatoka mikononi. Hata walipobeba mgongoni vikapu vya mboji kavu, ambayo huko huchomwa badala ya kuni, walikwenda njiani huku wakifuma.

Kondoo wa Shetland ni mdogo wa mwili, lakini sufu yake ni laini sana, hasa ile ya shingoni. Kila mwaka, kiangazi kinapoanza, sufu hiyo hulegea yenyewe, na zamani haikukatwa kwa mkasi bali ilinyonyolewa kwa mkono. Tena kondoo hawa wana rangi nyingi: wapo weupe, weusi, wa kijivu, na wa kahawia ielekeayo wekundu. Basi mfumaji aliweza kupata nakshi kutoka katika kundi lake mwenyewe bila kununua rangi dukani. Aliyetaka nyekundu au buluu alitumia rangi ya mizizi na nili, vitu vilivyoletwa kwa meli.

Asili ya Nakshi

Kusini ya visiwa hivyo, peke yake katikati ya bahari, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Fair Isle, chenye urefu upatao kilomita 5. Jina la kisiwa hiki ndilo lililoenea duniani pamoja na sweta zake. Ipo hadithi inayosimuliwa mara nyingi kwamba nakshi zililetwa na Wahispania. Ni kweli kwamba mwaka wa 1588 meli yao iitwayo El Gran Grifón ilivunjika katika miamba ya Fair Isle, na mabaharia wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Lakini wanahistoria hawaikubali hadithi ya nakshi, kwa sababu hakuna ushahidi, na nguo za Fair Isle za nakshi nyingi zilizosalia hata leo ni za karne ya 19.

Ushahidi wa zamani zaidi ulipatikana kwa bahati. Mwaka wa 1951, mahali paitwapo Gunnister, wachimbaji wa mboji waliukuta mwili wa mtu aliyezikwa na nguo zake. Mboji ilikuwa imezihifadhi kofia, soksi na glovu zake, zote zimefumwa kwa sufu. Pamoja nazo palikuwa na kifuko kidogo cha kijivu chenye nakshi nyeupe na nyekundu, na ndani yake sarafu za Uholanzi na Uswidi za miaka ya 1680 na 1690. Hivyo twajua kwamba kufuma kwa rangi kulijulikana huko mwishoni mwa karne ya 17.

Sarafu zile zatuonyesha jambo jingine. Katika karne hiyo, kila kiangazi, mamia ya mashua za Waholanzi wavuao samaki zilitia nanga karibu na Lerwick. Wenyeji waliteremka pwani na soksi walizofuma, wakawauzia mabaharia ana kwa ana. Watu wa Fair Isle nao walipiga makasia hata kwenye meli zilizokuwa zikipita, wakabadilishana nguo na vyakula. Biashara hiyo haikuwatajirisha, lakini mfumaji alimwona mnunuzi kwa macho yake, akajua kitu chake kimetoka kwa thamani gani.

Jinsi Sweta Ifumwavyo

Ili tuelewe kilichopotea baadaye, yafaa kwanza tujue kazi yenyewe. Mfumaji wa Shetland hutumia sindano tatu ndefu zenye ncha pande zote mbili. Kiunoni hufunga mkanda wa ngozi uliojazwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu mengi. Ncha ya sindano moja huchomekwa katika tundu, sindano ikatulia, na vidole vikapata kwenda upesi. Sweta hufumwa kwa kuzunguka, kama kikapu kisukwavyo, kutoka upindo wa chini kwenda juu, na upande wa nje humwelekea mfumaji daima ili aione nakshi ikikua. Sweta ya mtu mzima yaweza kuwa na vitanzi 300 hivi katika duru moja.

Hata sweta ikiwa na rangi kumi, hakuna duru yenye zaidi ya rangi mbili. Uzi ambao zamu yake haijafika haukatwi, bali hupitishwa nyuma ya kitambaa mpaka utakapohitajiwa. Ukivutwa mno, kitambaa hukunjamana. Ukilegezwa mno, huning'inia ndani na kunasa vidole vya mvaaji. Kwa hiyo nakshi za huko zina hatua fupi, ili uzi wa nyuma usisafiri mbali. Na kwa kuwa nyuma ya vitanzi upo uzi wa pili, kitambaa huwa kizito maradufu, kikazuia baridi.

Nakshi zenyewe hupangwa kwa mikanda: maduara na misalaba, nyota, na kati yake mikanda myembamba ya vinakshi vidogo. Rangi hubadilishwa kidogo kidogo, kutoka iliyokoza kwenda iliyo nyeupe zaidi na kurudi, hata katikati ya mkanda ikawa ndipo pang'aapo. Mfumaji hodari hakuhitaji karatasi. Alihesabu kichwani, naye alijifunza kwa mama na nyanya yake.

Penye mikono ndipo mgeni anaposhtuka. Mfumaji haachi nafasi ya mkono. Huendelea kuzunguka hadi begani, kisha huchukua mkasi na kukikata kitambaa alichokihangaikia majuma mengi. Asiyejua hudhani kazi yote itafumuka. Lakini sufu ya Shetland hushikamana, na vitanzi havikimbii. Kutoka katika ukingo uliokatwa huokotwa vitanzi vipya, na mkono hufumwa kwenda chini hadi kifundoni. Mwisho sweta huoshwa na kuwambwa juu ya fremu ya mbao mpaka ikauke na kunyooka. Ndipo hupelekwa dukani.

Deni la Dukani

Na huko dukani ndiko ilikokuwa taabu. Katika karne ya 19 biashara ya kufuma ilikuwa imeshikwa na wenye maduka, wakiuza shali, soksi na nguo nyingine katika miji ya Uskoti na Uingereza. Mfumaji alipoleta kazi yake hakupewa fedha. Alipewa bidhaa za duka lile lile: chai, vitambaa, nyuzi na viatu. Akisaliwa na kitu, aliandikiwa kikaratasi cha kumwezesha kuja kuchukua bidhaa siku nyingine. Mfumaji asiyekuwa na kondoo alichukua pia uzi kwa mwenye duka, na kwa hiyo alianza kazi akiwa tayari mdeni.

Serikali ya Uingereza iliunda tume kuchunguza mtindo huu wa kulipa kwa bidhaa, na mwaka wa 1872 mjumbe wake akasikiliza ushahidi huko Shetland. Wanawake wengi walisimama mbele yake na kueleza maisha yao. Walisema kwamba mkate na kodi ya nyumba havinunuliwi kwa vitambaa. Ikawabidi kuichukua chai waliyolipwa, kuibeba mashambani, na kuibadilisha kwa unga au viazi kwa thamani iliyo chini. Mwanamke aliweza kuvaa nguo nzuri ya dukani na huku nyumbani hana chakula. Wenye maduka nao walijitetea wakisema kwamba nguo zilizofumwa hazikuwaletea faida, na kwamba faida yao ilitoka katika bidhaa walizozitoa kwa malipo. Utetezi huo ndio ulioifichua siri: mwenye duka alikuwa mnunuzi na muuzaji kwa mtu yule yule, na pande zote mbili ndiye aliyeipanga bei. Katika Fair Isle mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa kuwa mwenye ardhi ndiye aliyekuwa pia mwenye duka, na mkulima aliyemchukiza aliogopa kufukuzwa katika shamba lake.

Sheria zilikuja. Mwaka wa 1886 ilitungwa sheria iliyowapa wakulima wadogo wa kaskazini ya Uskoti haki ya kukaa katika mashamba yao bila kufukuzwa ovyo. Mwaka wa 1887 sheria ya kukataza malipo ya bidhaa ilipanuliwa hata ikavihusu vitu vya sufu vilivyofumwa nyumbani, vyenye thamani isiyofikia pauni 5. Tangu hapo mfumaji alikuwa na haki ya kudai fedha. Hata hivyo mtindo wa zamani uliendelea katika maduka mengi hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwanamke mmoja, mwenye sweta moja na deni katika daftari, hakuweza kumpeleka mahakamani mtu ambaye kesho yake atamwendea kuomba uzi.

Hapa yafaa kukumbuka Rochdale, mji ambao kila mwanaushirika amesikia habari zake. Watu 28 waliofungua duka lao huko tarehe 21 Desemba 1844, wakiwa na mtaji wa pauni 28, baadhi yao walikuwa wafumaji wa vitambaa vya sufu. Nao walikuwa wamechoka na duka lenye mizani ya uongo na deni lisilokwisha. Dawa yao ilikuwa kulimiliki duka wenyewe. Dawa hiyo ilijulikana Uingereza nzima miaka 28 kabla ya tume ya Lerwick. Lakini wafumaji wa Shetland walikuwa wametawanyika katika visiwa vingi, kila mmoja akiuza peke yake.

Mwana wa Mfalme na Sifa za Sweta

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilitokea bahati kubwa. Mfanyabiashara mmoja wa Lerwick alimpelekea Mwana wa Mfalme wa Uingereza, aliyekuja baadaye kuwa Mfalme Edward wa Nane, sweta ya nakshi za Fair Isle. Mwaka wa 1922 Mwana wa Mfalme aliivaa hadharani katika uwanja wa gofu wa St Andrews. Mara kila kijana mwenye fedha akaitaka sweta kama ile. Nguo za ndani na soksi za Shetland zilikuwa zimeanza kushindwa na mashine, na sweta za nakshi ndizo zilizoyaokoa mapato ya nyumba nyingi.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maagizo yalipokuwa mengi, kazi za haraka zilijichanganya na kazi safi, na viwanda vya mbali vikatengeneza sweta za mashine na kuziita kwa jina lile lile la Fair Isle. Jina hilo halikuwa na ulinzi wa sheria. Hata leo kiwanda chochote duniani kinaweza kuliandika juu ya nguo isiyowahi kumwona kondoo wa Shetland. Mwaka wa 2015 kampuni ya mavazi ya Ufaransa, Chanel, ilionyesha nguo zilizofanana mno na nakshi za mfumaji mmoja mkazi wa Fair Isle, ambaye watu wa kampuni hiyo walikuwa wamemtembelea na kununua kazi zake. Mfumaji alilalamika hadharani, na kampuni ikaomba radhi na kukubali kumtaja. Yeye alisikilizwa. Wangapi kabla yake hawakusikilizwa?

Haitakuwa haki nikisema kwamba watu wa Shetland walikaa kimya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wengi waliletwa visiwani, wakanunua kwa fedha taslimu mlangoni mwa mfumaji, na nguvu za duka zikapungua. Mwishoni mwa karne ya 20 wafumaji wa Fair Isle walikuwa na ushirika wao wenye alama yao ya biashara. Lakini wakati huo jambo jingine lilikuwa limefika. Katika miaka ya 1970 mafuta yaligunduliwa baharini, na kituo kikubwa kikajengwa Sullom Voe. Mishahara ya huko ilikuwa mikubwa kuliko chochote ambacho sindano ingeweza kuleta, na mikono mingi ikahamia huko. Ushirika wa Fair Isle nao haupo tena. Mwaka wa 2010 mafunzo ya kufuma yaliyokuwa yakitolewa katika shule za msingi yalisimamishwa ili kupunguza gharama, ikabidi wazee na watu wa kujitolea wawakusanye watoto na kuwafundisha. Chama hakiwezi kumshika kijana kwa kumkumbusha kazi ya nyanya yake, ikiwa malipo ya kazi hiyo hayamtoshi.

Mfano wa Aisilandi

Kaskazini magharibi ya Shetland iko nchi ya Aisilandi, nayo ina kondoo wake na sweta yake, yenye nakshi zilizozunguka mabega kama mkufu. Sweta hiyo si ya kale sana. Ilienea katikati ya karne ya 20. Wanawake wa huko nao walifuma nyumbani na kuuza mmoja mmoja. Lakini mwaka wa 1977 waliunda chama chao cha wafumaji wa mkono, wakafungua duka lao katika mji mkuu, Reykjavik, na humo mgeni hununua kitu kilichopimwa na kukubaliwa na wafumaji wenyewe. Mwaka wa 2020 jina la sweta yao likalindwa kwa sheria: ni lazima ifumwe kwa mkono, ndani ya Aisilandi, kwa sufu ya kondoo wa Aisilandi. Shetland nayo ilipata ulinzi wa jina la sufu yake mwaka wa 2011, lakini jina la nakshi za Fair Isle lilikuwa limekwisha kutawanyika.

Kwa ustadi, wanawake wa Aisilandi hawakuwashinda wa Shetland. Walichowazidi ni kuwahi. Walishika duka, kipimo na jina kabla wengine hawajavishika.

Neno la Mwisho

Ndugu wanachama, sisi sote twajivunia mazao yetu, na ni haki yetu. Lakini historia hii yaonyesha kwamba uzuri wa kitu hauamui nani atakayekula faida yake. Yule mwanamke aliyetembea na mzigo mgongoni na sindano mkononi hakukosa bidii, wala hakukosa akili ya kuhesabu vitanzi 300 bila karatasi. Alikosa mizani yake mwenyewe, daftari lake mwenyewe, na wenzake wa kusimama naye mbele ya mwenye duka.

Miaka 10 si mingi katika maisha ya chama. Basi kila tukutanapo katika mkutano mkuu, kabla ya kupiga makofi, tuulizane maswali matatu: Ni nani ashikaye mizani? Ni nani apangaye daraja la mazao, naye hulipanga kwa haki hata kwa mkulima mdogo kuliko wote? Na jina lililoandikwa juu ya gunia ni la nani? Mwanachama asisite kuuliza, na kiongozi asikasirike akiulizwa. Wanawake wa Lerwick walingoja hata mwaka wa 1872 ili mtu awaulize habari za daftari la duka, na aliyewauliza alitoka mbali. Sisi daftari liko hapa hapa ofisini, na mlango wake uwe wazi.